Kumwandaa Mkuu kwa ziara ya nchi rafiki: mwongozo kwa afisa anayeanza

Maafisa wapya wanaopelekwa ofisi ya itifaki, au wanaoteuliwa kuwa wapambe (wasaidizi binafsi wa jenerali), huuliza mambo yale yale. Naanzia wapi? Nani anaandika barua? Kabrasha, yaani jalada la maelezo ya ziara, liwe na kurasa ngapi? Mkuu, yaani jenerali unayemhudumia, avae nini? Zawadi inunuliwe lini? Nimeyaweka majibu hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, ili ukipewa jukumu usihangaike kutafuta jalada la mtu aliyekutangulia.

Mfano nitakaoutumia ni wa jenerali wa JWTZ anayekwenda Maputo kwa mwaliko wa mwenzake wa Msumbiji. Undugu wa nchi hizi mbili ni wa zamani na wa kweli. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, wapiganaji wake walipata mafunzo Kongwa na Nachingwea, na kwenye makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara, wamelala askari wetu walioanguka Msumbiji. Ziara ya namna hii ndiyo inayoharibika kirahisi, kwa sababu watu hudhani undugu utaziba mapengo ya maandalizi. Hauyazibi. Ndugu akikosewa adabu huumia kuliko mgeni.

Ukiwa Nairobi, Kampala au Kinshasa, majina ya ofisi yatabadilika. Kazi ni hii hii.

Kabla hujaanza, hakikisha unavyo vitu hivi

- Nakala ya barua ya mwaliko, yenye sahihi na tarehe. Mwaliko wa mdomo uliotolewa kwenye mkutano wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, si mwaliko.
- Jina na namba ya simu ya mwambata jeshi wetu, yaani afisa anayeliwakilisha jeshi kwenye ubalozi wa huko. Kama nchi hiyo haina mwambata wetu, tafuta ni yupi wa nchi jirani anayeihudumia.
- Jalada la ziara iliyopita, ya kwenda au ya kuja, pamoja na ahadi zilizotolewa.
- Orodha ya msafara, yenye majina kama yalivyoandikwa kwenye pasipoti.
- Taarifa za afya ya Mkuu kutoka kwa daktari wake, zile tu unazohitaji: dawa, mzio, chakula asichokula, mguu unaomsumbua akipanda ngazi.
- Muda. Wiki sita zinatosha kwa raha. Wiki tatu zinatosha kwa shida. Ukipewa wiki moja, mwambie Mnadhimu wako (afisa anayesimamia kazi za makao makuu) mapema na kwa maandishi ni kitu gani hakitawezekana.

Hatua ya 1: Andika lengo la ziara kwa sentensi moja

Usiguse ratiba kabla ya hapo. "Kuimarisha uhusiano" si lengo, kwa sababu huwezi kurudi nyumbani ukasema limetimia au halikutimia. Lengo linaandikwa hivi: "Kukubaliana namna vikosi vya pande mbili za Mto Ruvuma vitakavyopashana habari," au "Kupata nafasi za wakufunzi kwenye chuo chao." Ipeleke sentensi hiyo kwa Mkuu aikubali au aibadilishe. Kuanzia hapo kila kitu utakipima kwayo. Anayetaka kuongezwa kwenye msafara na hana kazi inayohusu lengo, abaki.

Hatua ya 2: Vibali na barua

Mwaliko ukishafika, kuna kibali cha kusafiri nje kutoka mamlaka ya juu, kuna Wizara ya Ulinzi, na kuna Wizara ya Mambo ya Nje ambayo ndiyo inayoiandikia rasmi nchi mwenyeji kupitia ubalozi. Usiruke ofisi hata moja kwa kuwa unamjua mtu upande wa pili. Balozi wetu akisikia kwa wenyeji kwamba jenerali wake anakuja, umeshamkosea kabla ndege haijaruka.

Vitu viwili huchelewesha safari kuliko vingine vyote. Cha kwanza ni ndege. Kama Mkuu anatumia ndege ya jeshi, Ibara ya 3 ya Mkataba wa Chicago wa 1944 inazihesabu ndege za kijeshi kuwa ndege za serikali, na haziruhusiwi kupita juu ya nchi nyingine wala kutua huko bila idhini maalumu. Unahitaji idhini ya nchi unayokwenda na ya kila nchi utakayopita angani. Namba ya ndege ikibadilika, idhini nayo huenda ikahitaji kuombwa upya.

Cha pili ni silaha za walinzi. Peleka aina, namba za silaha na idadi ya risasi mapema, na uulize wenyeji wanaruhusu zipi na zitatunzwa wapi. Ikitokea hawaruhusu, usibishane uwanjani. Ulinzi wa mgeni ni jukumu la mwenyeji.

Hatua ya 3: Timu ya utangulizi iende ikatembee

Neno kubwa hapa ni kutembea. Watu wawili au watatu waende siku chache kabla, na pamoja na mwambata wapite kila mahali Mkuu atakapopita, kwa miguu, saa ile ile ya siku. Jua linampiga usoni akisimama kukagua gwaride? Kipaza sauti kiko urefu gani? Ngazi ni ngapi, zina mahali pa kushika? Choo kiko wapi? Kutoka hoteli hadi makao makuu ni dakika ngapi wakati wa foleni ya asubuhi?

Waiangalie bendera yetu kwa macho yao wenyewe. Ya Tanzania hukosewa mara nyingi kwa sababu ukiigeuza bado inaonekana kama bendera. Mstari mweusi wenye kingo za njano unaanzia chini upande wa mlingoti na kupanda kwenda juu. Pembetatu ya kijani iko juu, upande wa mlingoti. Ya bluu iko chini, upande unaopepea. Mpe afisa itifaki wa mwenyeji picha iliyochapwa. Pia timu iende na rekodi sahihi ya wimbo wa taifa na kuomba kuusikia bendi ikiupiga.

Kuhusu gwaride la heshima, pokea kile ambacho mwenyeji humpa mtu wa cheo hicho. Mizinga 21 ni ya mkuu wa nchi. Usimwombee Mkuu wako kitu kisicho chake. Unachotakiwa kujua ni mpangilio: anasimama wapi, nani anamwongoza, anaisalimu bendera ipi na wakati gani, anatoka upande gani.

Hatua ya 4: Tengeneza kabrasha

Hapa ndipo kazi yako itakapoonekana, na ndipo wengi wanapokosea kwa kuandika mno. Mkuu hatasoma kurasa 60 za historia ya uchumi zilizonakiliwa mtandaoni. Weka kurasa mbili za mbele atakazozisoma ndani ya gari, na nyuma yake viambatisho kwa atakayetaka zaidi. Herufi ziwe kubwa, na kila karatasi ichapwe upande mmoja tu.

Kurasa hizo mbili ziwe na lengo, hoja tatu, watu atakaokutana nao, na mambo ya kutahadhari.

Kwa kila mtu weka picha, cheo, kazi yake, alikosoma, na kama wamewahi kukutana. Andika jina linavyotamkwa. Kireno kinasoma "ch" kama "sh": Rais Chapo ni "Shapo", Chissano, rais wa zamani, ni "Shisano", Machel, rais wa kwanza, ni "Mashel". Mkuu akilitamka vizuri jina la Samora Machel mbele ya maafisa waliokuwa vijana wakati wake, chumba kinabadilika.

Linganisha vyeo kwa uangalifu. Kwenye mfumo wa Kireno, capitão wa jeshi la nchi kavu ni sawa na kapteni wetu, lakini capitão-de-mar-e-guerra wa jeshi la majini ni sawa na kanali. Afisa kijana akiona neno "capitão" humpangia mgeni kiti cha nyuma. Almirante naye si ofisa wa meli tu. Ni cheo cha ngazi ya jenerali.

Sasa mambo ya kutahadhari. Kwa Msumbiji, mimi ningeanza na hili. Jeshi lao la sasa, FADM, liliundwa baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, kwa kuwaunganisha wapiganaji wa serikali na wa RENAMO, waliokuwa waasi. Askari wetu walikuwa Zambézia mwishoni mwa miaka ya 1980 wakiisaidia serikali dhidi ya RENAMO. Mkuu au mzee mmoja kwenye msafara akianza kusimulia kwa fahari namna tulivyowapiga, huenda anayemsikiliza mezani alikuwa upande ule mwingine, na leo amevaa sare ile ile na mwenyeji wenu. Historia ya ukombozi dhidi ya Mreno, iliyoanza kwa silaha tarehe 25 Septemba 1964, haimgawi mtu. Isimulieni hiyo.

Tahadhari ya pili ni Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji. Mashambulizi ya waasi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Kikosi cha SADC, SAMIM, kiliingia Julai 2021 na muda wake ukaisha Julai 2024. Rwanda nayo iliingia Julai 2021 kwa makubaliano yake na Maputo. Tanzania ilikuwa ndani ya SAMIM na ina mpaka na jimbo hilo, kwa hiyo Mkuu ataulizwa. Aandikiwe waziwazi nini kinasemwa mbele ya waandishi, nini kinasemwa chumbani, na nini hakisemwi. Idadi ya askari na mahali walipo viko kwenye kundi la tatu.

Ya tatu ni siasa za ndani. Uchaguzi wao wa Oktoba 2024 ulifuatiwa na maandamano na vifo. Mwanajeshi mgeni hana neno la kusema hapo, hata la kusifu.

Hatua ya 5: Gawa hoja mafungu matatu

Tunaomba nini. Tunatoa nini. Hatuahidi nini.

Fungu la tatu husahaulika, na ndilo linalomlinda Mkuu. Kwenye chakula cha usiku, mwenyeji akiwa amechangamka, ataomba nafasi 20 kwenye chuo chetu au vipuri vya magari. Jenerali mwenye moyo mzuri atasema "hakuna shida". Kesho yake jambo hilo limeingia kwenye kumbukumbu za wenyeji, na fedha hazimo kwenye bajeti. Mpe sentensi ya kutumia: "Nimelisikia, nitalipeleka kwa wahusika, na mwambata wangu atakuletea jibu." Aizoee kabla ya kusafiri.

Kama kuna hati ya makubaliano ya kutiwa saini, wanasheria wa pande zote waimalize kabla ya safari. Linganisha matini ya lugha zote, ibara kwa ibara. Mkuu anakwenda kusaini kilichokwisha kukubaliwa.

Hatua ya 6: Ratiba

Andika saa kwa mtindo wa kijeshi, na useme ni saa za wapi. Maputo iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Halafu kuna mtego wetu wenyewe Waswahili: ukimwambia dereva kwa simu "saa mbili", wewe unamaanisha 0800, na yule aliyezoea saa za kizungu anaelewa 1400. Kwenye karatasi iwe 0800 tu, saa za Maputo.

Acha nafasi. Baada ya kutua, Mkuu apate saa moja na nusu ya kuoga na kubadili sare. Kati ya shughuli na shughuli weka dakika 15 zisizo na jina. Ijumaa acha muda wa swala, Jumapili acha muda wa ibada, kulingana na waliomo kwenye msafara. Usipange kitu kizito baada ya chakula cha usiku.

Shada la maua kwenye Uwanja wa Mashujaa wa Maputo, yaani Praça dos Heróis, liwe mwanzoni. Kwenye mnara ule wenye umbo la nyota wamelazwa Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, aliyeuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, na Machel. Kwa Mtanzania si tukio la picha. Mkuu ajue nani analala pale kabla hajashuka garini, na utepe wa shada uwe umeandikwa Kireno sahihi.

Hatua ya 7: Sare, nishani, zawadi

Uliza kwa maandishi: kila tukio linataka sare gani? Kisha tengeneza jedwali la siku, tukio na sare, ulitundike ndani ya kabati la hoteli. Ukubaliane na wenyeji kama ni kombati au sare ya gwaride, maana jenerali mmoja akiwa na kombati na mwingine na nishani kifua kizima, wote wawili hujisikia vibaya. Juni na Julai Maputo kuna baridi ya asubuhi. Beba sweta ya sare. Kagua nishani na tepe kabla ya kufunga sanduku, si kule.

Zawadi isiwe kinyago cha Kimakonde. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma, na Cabo Delgado wanachonga wenyewe vizuri sana. Tafuta kitu ambacho ni chetu peke yetu: kasha la Zanzibar lililonakshiwa misumari ya shaba, mchoro wa Tingatinga, kahawa ya Kilimanjaro kwa maofisa wa kawaida. Kinachogusa zaidi, kwa maoni yangu, ni picha ya zamani kutoka Nachingwea au Kongwa, ikiwekwa kwenye fremu nzuri. Beba mbili za akiba, kwa sababu daima atatokea mtu asiyekuwa kwenye orodha.

Hatua ya 8: Mkalimani wenu mwenyewe

Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC tangu Agosti 2019, na utawakuta wazee wa Maputo wanaokizungumza vizuri kwa sababu waliishi kwetu. Itawapa raha nyote. Lakini mazungumzo rasmi yasitegemee bahati hiyo. Nendeni na mkalimani wa Kireno anayejua maneno ya jeshi, na akutane na Mkuu angalau mara moja kabla ili wazoeane mwendo. Mwambie Mkuu aseme sentensi mbili, asimame. Na amtazame mwenyeji, asimtazame mkalimani.

Hatua ya 9: Simu na vifaa

Simu za kawaida za Mkuu na wasaidizi zibaki nyumbani. Wapeni wataalamu wa mawasiliano kazi ya kuandaa za safari. Msiunganishe kitu chochote kwenye intaneti ya hoteli. Flashi mliyopewa zawadi isichomekwe kwenye kompyuta ya ofisi. Kabrasha halilali chumbani peke yake, hata mkienda kula. Mambo mazito yazungumzwe ubalozini.

Hatua ya 10: Kikao cha mwisho na Mkuu

Omba dakika 40, siku mbili kabla ya safari. Usimsomee kabrasha, anajua kusoma. Muulize maswali atakayoulizwa, yale magumu. "Afande, wakikuuliza kwa nini msaada ulioahidiwa ziara iliyopita haujafika, utajibu nini?" Kama hana jibu, bado mna siku mbili za kulitafuta.

Vijana wengi huogopa kumwambia jenerali jambo baya. Mwambie kwa heshima, na mwambie lote: "Afande, naomba kukutaarifu jambo ambalo halijakaa sawa." Kisha toa tatizo na njia mbili za kulitatua. Mkuu atakasirika dakika moja. Akilijua kule mbele ya wenyeji, hasira hiyo ina haki ya kudumu.

Mambo yakienda kombo

*Mwenyeji amebadilishwa wiki ya safari.* Hutokea, hasa baada ya uteuzi mpya. Safari haifi. Thibitisha kwa barua kwamba mwaliko bado upo, badilisha ukurasa wa watu, na punguza matarajio: bosi mpya hatasaini chochote wiki yake ya kwanza.

*Mizigo haikufika.* Ndiyo maana sare ya tukio la kwanza, kofia na viatu vyake, hupanda na mpambe ndani ya ndege, siku zote.

*Wimbo wa taifa umekosewa au bendera imegeuzwa.* Mkuu anabaki kwenye saluti hadi mwisho, uso wake wa kawaida. Mwambata anamnong'oneza afisa itifaki baadaye. Hakuna anayepiga picha.

*Wameleta ibara mpya saa moja kabla ya kusaini.* Mkuu hasaini. Geuzeni tukio liwe la kupongezana, hati ifuate baada ya wanasheria kuipitia.

*Mkuu ameugua.* Msaidizi wake wa cheo kinachofuata anaendelea na ratiba, daktari anatoa maneno ya kuwaambia wenyeji, na nyumbani wanapigiwa simu kabla habari haijasambaa. Maputo watawaletea kamba wakubwa kila mezani. Kama ana mzio wa vitu vya baharini, jikoni walipaswa kujua tangu barua ya kwanza.

*Zawadi waliyompa ni kubwa mno.* Apokee, maana kukataa hadharani ni tusi. Ukirudi, iorodheshe na kuitamka kama Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inavyotaka. Usimsubiri yeye akukumbushe.

*Mwandishi ameuliza jambo la siasa.* "Nimekuja kama mwanajeshi kumtembelea mwanajeshi mwenzangu." Anashukuru, anaondoka.

Mkirudi

Barua ya shukrani itoke ndani ya siku saba, ikitaja jambo moja mahususi alilofurahia. Taarifa ya ziara iandikwe mkiwa bado mnakumbuka, ikianza na ile sentensi ya lengo: limetimia, au halijatimia, na kwa nini. Kisha tengeneza jedwali la kila kitu kilichosemwa "nitalipeleka kwa wahusika", lenye jina la mhusika na tarehe ya jibu. Nakala moja kwa Mnadhimu, moja kwa mwambata, moja kwenye jalada la nchi hiyo pamoja na namba za simu za watu mliowapata kule.